Nguo kwa Kinorwe: jina, jinsia na hali ya hewa

Neno la Kinorwe linalobeba maana ya nguo kwa jumla ni *klær*. Halina umoja, kwa hiyo anayetaka kutaja vazi moja husema *et plagg*, na mavazi matatu ni *tre plagg*, bila neno kubadilika mwishoni. Lipo pia *tøy*. Likisimama peke yake humaanisha kitambaa au nguo, lakini kazi yake kubwa ni kuungana na maneno mengine: *undertøy* ni nguo za ndani, *regntøy* ni nguo za mvua, *skiftetøy* ni nguo za kubadilisha. Mgeni akiyashika matatu haya ataelewa sehemu kubwa ya mabango ya duka la nguo kabla hajajua hata jina la shati.

Msamiati huu hufundishwa mapema, katika ngazi ya A1, ambayo ni ya kwanza katika vipimo vya lugha vinavyotumika Ulaya. Kwa mtu aliyetoka nchi ya joto, si somo la kupitia juu juu. Mji mdogo wa Karasjok, kaskazini kabisa mwa Norwe, ulipimwa nyuzi 51.4 chini ya sifuri tarehe 1 Januari 1886, na rekodi hiyo ya nchi haijavunjwa. Bergen, upande wa magharibi, hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Tromsø haioni jua tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Wanorwe wenyewe wana msemo ambao kila mgeni huusikia: *Det finnes ikke dårlig vær, bare dårlige klær*, yaani hakuna hali mbaya ya hewa, kuna nguo mbaya tu. Familia zinazozungumza Kiswahili zilizohamia huko, zikiwemo za Wakongomani waliopitia kambi za wakimbizi za Afrika Mashariki, huyahitaji maneno haya tangu wiki za kwanza: dukani, shuleni kwa watoto, na kwenye kituo cha basi theluji inapoanguka.

Kila nomino ya Kinorwe ina jinsia, na jinsia hiyo huonekana kwenye neno dogo linalotangulia. *En* ni la kiume, *ei* ni la kike, na *et* ni la jinsia ya tatu, isiyo ya kiume wala ya kike. Sweta ni *en genser*, suruali ni *ei bukse*, skafu ni *et skjerf*. Jinsia hizi hazimhusu kabisa mvaaji. Gauni, *kjole*, ni la kiume. Shati, *skjorte*, ni la kike. Sketi, *skjørt*, iko katika jinsia ya tatu. Mwanafunzi aliyekulia kwenye Kiswahili hana sababu ya kushtuka, maana tangu utotoni amezoea kwamba koti ni "hili", kiatu ni "hiki" na suruali ni "hii", wala hajawahi kudai sababu.

Jambo geni zaidi kwake ni kwamba Kinorwe hutofautisha kitu chochote na kitu kinachojulikana, na hufanya hivyo kwa kubandika kiambishi mwishoni mwa neno. *En genser* ni sweta yoyote. *Genseren* ni ile ambayo msemaji na msikilizaji wote wanaijua. Vivyo hivyo *ei bukse* huwa *buksa*, na *et skjerf* huwa *skjerfet*. Wingi nao una sura mbili: *gensere* na *genserne*, *bukser* na *buksene*. Skafu haibadiliki katika wingi usio maalumu, *to skjerf*, lakini ikishajulikana huwa *skjerfene*. Mpangilio huo ndio wa kawaida kwa nomino fupi za *et*. Kiatu, ingawa ni cha kiume, hufuata njia hiyo hiyo kwa ukaidi wake: *en sko, skoen, to sko, skoene*. Buti nalo hupoteza irabu katika wingi: *en støvel*, lakini *støvler*.

Orodha za picha zinazoning'inizwa darasani mara nyingi huandika jina tupu: *genser*, *lue* (kofia), *skjerf*. Hapo ndipo tabu huanza, kwa sababu aliyekariri jina tupu atalazimika kurudi miezi baadaye kukariri jinsia yake, na wakati huo ulimi umeshazoea makosa. Afadhali kila neno lishikwe pamoja na neno lake dogo tangu siku ya kwanza. Kwenye nguo kazi ni nyepesi kuliko inavyoonekana, kwani za jinsia ya *et* ni chache. Anayekumbuka *skjerf*, *skjørt*, *slips* (tai), *belte* (mkanda), *sjal* (shali), *tørkle* (kitambaa cha kichwa) na *forkle* (aproni) amekwisha kushika sehemu kubwa ya kundi hilo. Nyingine karibu zote ni za *en* au *ei*.

Kati ya *en* na *ei* maandishi ya Bokmål hayabani. Bokmål ni mojawapo ya sura mbili rasmi za kuandika Kinorwe, na ndiyo inayofundishwa wageni wengi. Nyingine ni Nynorsk. Katika Bokmål nomino za kike zinaruhusiwa kuandikwa kama za kiume, hivyo *ei bukse, buksa* na *en bukse, buksen* zote ni sahihi. Mitaani sehemu nyingi za nchi watu husema *buksa*, *jakka* (koti) na *lua*. Bergen ni tofauti: lahaja ya mji huo haina jinsia ya kike, na huko husikika *buksen* na *jakken*. Anayeandika Nynorsk hana uhuru huo, kwa kuwa huko jinsia zote tatu ni lazima. Mwenye shaka anaweza kuliangalia neno katika Bokmålsordboka au Nynorskordboka, kamusi zinazosomwa bure mtandaoni, ambazo huonyesha jinsia na sura zote za kila nomino.

Kuna mahali ambapo mzungumzaji wa Kiswahili humpita aliyezoea Kiingereza. Kwa Kiingereza suruali moja huhesabiwa kama vitu viwili, kwa ajili ya miguu yake. Kwa Kinorwe, kama ilivyo kwa Kiswahili, ni nguo moja: *ei bukse*, *to bukser*. Neno *par*, jozi, hutumika kwa vitu ambavyo kweli ni viwili: *et par sko*, *et par sokker*, *et par votter*. Votter ni glovu zenye nafasi moja ya vidole vinne na nyingine ya kidole gumba. Zenye nafasi ya kila kidole huitwa *hansker*. Kwenye baridi kali *votter* hupasha joto zaidi, maana vidole hupeana joto, na ndiyo sababu watoto wadogo huvalishwa hizo.

Vivumishi navyo hufuata jinsia. Sweta nyekundu ni *en rød genser*, lakini skafu nyekundu ni *et rødt skjerf*, na viatu vyekundu ni *røde sko*. Kanuni ya jumla ni fupi: jinsia ya *et* huongeza *t*, wingi huongeza *e*. Aliyezoea kusema koti jekundu, kiatu chekundu na suruali nyekundu tayari anajua kwamba rangi hutii jina. Anachohitaji ni kuzoea kusikiliza mwisho wa neno badala ya mwanzo wake. Nyeusi ni *svart* na haihitaji *t* ya pili. Nyeupe ni *hvit*, *hvitt*, *hvite*. Bluu na kijivu huchukua *t* mbili: *blått*, *grått*. Rangi kadhaa hazibadiliki hata kidogo, kama vile *rosa* (pinki), *lilla* (zambarau) na *oransje* (rangi ya machungwa). Kivumishi kigumu kuliko vyote kwenye nguo ni "dogo", na hakikwepeki, kwa kuwa ndicho kinachohitajika nguo ya mtoto inapokuwa haimtoshi tena: *en liten genser, ei lita lue, et lite skjerf, små sko*. Nguo inapokuwa ile inayojulikana, alama huwekwa mbele na nyuma kwa pamoja: *den røde genseren, det røde skjerfet, de røde skoene*. Kusema *den røde genser* tu ni kuacha sentensi nusu, na kosa hilo hukawia kutoka hata kwa walioishi Norwe miaka mingi.

Matamshi yanataka subira. Herufi *å* hutamkwa karibu na "o" ya Kiswahili. *Æ* iko kati ya "a" na "e", nayo ndiyo inayosikika katika *klær*. *Ø* hupatikana kwa kutamka "e" huku midomo imeviringwa kama ya "o". Kundi la *skj* ni "sh" tu, hivyo *skjorte* na *skjerf* huanza kama shati na shali. Taabu iko kwenye *kj* ya *kjole*: ulimi huinuka karibu na kaakaa, na pumzi hupita ikikwaruza kidogo, kati ya "h" na "y". Vijana wengi wa Norwe siku hizi huitamka kama "sh", kwa hiyo mgeni akisema hivyo ataeleweka.

La kuangaliwa zaidi ni urefu wa irabu, kwa sababu hapo maana hubadilika kabisa. Konsonanti mbili huonyesha kuwa irabu iliyotangulia ni fupi, na konsonanti moja kwa kawaida huonyesha kuwa ni ndefu. *Hatt*, kwa "a" fupi, ni kofia ya ukingo. *Hat*, kwa "a" ndefu, ni chuki. *Vott*, kwa sauti fupi, ni ile glovu ya mtoto, na *våt*, kwa sauti ndefu, ni kulowa. Maneno haya mawili hukutana kila siku ya theluji katika sentensi *Vottene er våte*, glovu zimelowa, ambayo kila mzazi na kila mwalimu wa chekechea huitamka. Ni sentensi nzuri ya mazoezi: ina urefu wa irabu, ina wingi unaojulikana, na ina kivumishi kilichofuata wingi. Mkazo nao hukaa mwanzoni mwa neno, si kwenye silabi ya pili kutoka mwisho kama katika Kiswahili. Kwa *bukse* na *jakke*, zenye silabi mbili, tofauti haisikiki. Kwa *undertøy* na *strømpebukse* (soksi ndefu zilizounganika hadi kiunoni) inasikika mara moja, na mkazo ukikosewa Mnorwe anaweza kulipoteza neno lote.

Vitenzi vya kuvaa ndivyo vinavyostahili muda mrefu kuliko majina. Kinorwe hutenganisha tendo la kuvaa na hali ya kuwa umevaa. *Å ta på seg* ni tendo lenyewe, kuingiza mikono kwenye koti. *Å ha på seg* ni hali, koti likiwa tayari mwilini. Kiswahili kina tofauti hiyo hiyo ila huibeba kwenye nyakati za kitenzi: "anavaa koti" ni *hun tar på seg jakka*, na "amevaa koti" ni *hun har på seg jakka*. Mwanafunzi akikumbuka ulinganifu huo atakwepa kosa kubwa la mwanzo. Kuvua ni *å ta av seg*. Kuvaa nguo zote asubuhi ni *å kle på seg*, kumvisha mtoto ni *å kle på barnet*, na kubadilisha nguo ni *å skifte*.

Hilo *seg* hubadilika kufuata mtendaji: *jeg tar på meg, du tar på deg, han tar på seg, vi tar på oss, dere tar på dere, de tar på seg*. Si pambo. Likiachwa, *ta på jakka* huweza kueleweka kuwa ni kuligusa koti. Amri ambazo mtoto husikia kila asubuhi hujengwa hivi: *Ta på deg lua!*, vaa kofia. *Ta på deg skoene!*, vaa viatu. Nyumbani husikika kinyume chake, *Ta av deg skoene*, maana katika nyumba za Norwe viatu huvuliwa mlangoni, na mgeni anayeingia navyo sebuleni huwatia wenyeji wasiwasi. Kwa mambo ya kudumu, kama saizi au miwani, kitenzi ni *å bruke*: *Jeg bruker størrelse 42 i sko*, yaani viatu vyangu ni namba 42. Nguo ikimpendeza mtu, huambiwa *Den kjolen kler deg*. Na anayesikia baridi husema *Jeg fryser*, kwa kitenzi kimoja tu.

Sehemu ambako msamiati huu hutumika kwa wingi na kwa haraka kuliko pengine popote ni shule ya chekechea, *barnehage*. Watoto wa Norwe hutolewa nje kila siku, iwe mvua au theluji, na wazazi hutakiwa kuleta nguo zinazofaa. Chumba cha kuvulia, *garderobe*, kina msumari au ndoano ya kila mtoto, *knagg*, rafu yake, *hylle*, na mara nyingi kabati la kukaushia nguo kwa hewa ya moto, *tørkeskap*. Ukutani hubandikwa tangazo la namna hii: *Husk til mandag: regntøy, støvler, ullsokker, to par votter og skiftetøy. Alt må merkes med navn.* Maana yake ni kwamba Jumatatu mzazi akumbuke nguo za mvua, mabuti, soksi za sufu, jozi mbili za glovu na nguo za kubadilisha, na kila kitu kiandikwe jina. Mzazi ambaye hajalielewa tangazo hilo atamwacha mtoto wake akitetemeka huku wenzake wanacheza, jambo linaloumiza kuliko alama mbaya ya mtihani wowote.

Nguo za baridi huvaliwa kwa tabaka, *lag*, na kila tabaka lina maneno yake. *Innerst*, ndani kabisa karibu na ngozi, huwekwa *ullundertøy*, yaani fulana na suruali ndefu za ndani za sufu. Suruali hiyo huitwa pia *stillongs*. Wanorwe huisifu sufu kwa msemo mfupi, *ull er gull*, sufu ni dhahabu, na sababu yake ni ya kweli: sufu huendelea kuhifadhi joto hata ikiwa na unyevu, wakati pamba, *bomull*, hunyonya jasho, hubaki imelowa na kumpoza mvaaji. Kwa hiyo fulana nzuri ya pamba iliyomfaa mtu Kigoma au Bukavu inaweza kumdhuru akiivaa ndani ya koti kwenye theluji. Katikati, *mellomlag*, huwa sweta ya sufu au ya flisi. *Ytterst*, nje kabisa, ni nguo ya kuzuia upepo na maji, na lebo yake huandikwa *vindtett* au *vanntett*.

Kwa mtoto mdogo tabaka la nje wakati wa majira ya baridi ni *parkdress* au *vinterdress*, vazi moja lenye bitana nene linalofunika mwili kutoka shingoni hadi vifundoni, na zipu ndefu mbele. Chini ya mguu lina mkanda wa mpira, *strikk*, unaopitishwa chini ya soli ili suruali isipande. Shingoni huvalishwa *hals*, kipande cha kitambaa cha mviringo, kwa kuwa skafu ndefu inaweza kunaswa kwenye vyombo vya kuchezea. Mvua ikinyesha huja *regnbukse*, suruali ya mvua yenye kamba za begani, na *regnjakke*. Hapa mzazi mgeni hujifunza neno *utenpå*, yaani kwa nje: *regnbuksa skal være utenpå støvlene*. Suruali ya mvua hushushwa juu ya mabuti, haichomekwi ndani yake, la sivyo maji yote yanayoteremka mguuni huishia ndani ya buti. Viatu vya baridi vyenye bitana huitwa *fôrede sko*, na ile kofia ndogo juu ya *ô* ni ya kuangaliwa, kwani *fôr* ni bitana na *for* ni "kwa ajili ya". Barafu ikitanda barabarani watu wazima hufunga chini ya viatu *brodder*, meno ya chuma ya kuzuia kuteleza. Wakati wa giza hubandikwa au kuning'inizwa *refleks*, kipande kinachong'aa kikimulikwa na taa za gari.

Maneno mengi hapo juu ni marefu kwa sababu Kinorwe hupenda kuunganisha. Kanuni yake ni kinyume cha Kiswahili. Kiswahili husema "koti la mvua", koti likitangulia. Kinorwe husema *regnjakke*, mvua ikitangulia na koti likimalizia. Basi neno refu husomwa kuanzia mwisho: *ullsokker* ni soksi, za sufu; *dunjakke* ni jaketi, la manyoya laini ya ndege; *arbeidsbukse* ni suruali, ya kazi; *vernesko* ni viatu, vya usalama kazini. Jinsia nayo huamuliwa na sehemu ya mwisho, hivyo *regnjakke* ni ya kike kwa sababu *jakke* ni ya kike, na anayejua majina ishirini ya msingi anaweza kuelewa mamia. Vipande hivyo huandikwa pamoja bila nafasi. Kuvitenganisha, *ull sokker*, huhesabiwa kuwa kosa la tahajia, na Wanorwe wenyewe hulaumiana sana kwa hilo.

Dukani maswali ni machache. *Hva koster denne genseren?* ni bei ya sweta hii. Kwa skafu husemwa *dette skjerfet*, na kwa viatu *disse skoene*. *Kan jeg prøve den?* ni ombi la kujaribu, na chumba cha kujaribia ni *prøverom*. Jibu la mwili ni *den er for trang*, inabana, *den er for stor*, ni kubwa mno, au *den passer*, inatosha. Bango la *salg* hutangaza punguzo. Risiti, *kvittering*, haifai kutupwa: sheria haimpi mnunuzi haki ya kurudisha nguo isiyo na kasoro aliyoinunua dukani kwa sababu tu amebadili nia, lakini maduka mengi hutoa kwa hiari yao *åpent kjøp*, muda wa kuirudisha ikiwa haijatumika. Nguo mpya za baridi ni ghali, na wenyeji wa kila kipato hununua zilizotumika. *Bruktbutikk* ni duka la mitumba, na Fretex, maduka ya Jeshi la Wokovu, yanajulikana nchi nzima. *Loppemarked* ni gulio la vitu vilivyotumika, ambalo mara nyingi huandaliwa na bendi za shule ili kupata fedha, na hapo suti nzuri ya theluji ya mtoto hupatikana kwa bei ndogo sana.

Wanaojua Kiingereza wana mitego yao. *Dress* kwa Kinorwe ni suti ya mwanamume, au lile vazi zima la mtoto la theluji. Gauni ni *kjole*. Kadi ya mwaliko ikiandika *Antrekk: mørk dress*, mwanamume anaombwa avae suti ya rangi iliyoiva. *Slips* ni tai. *Smoking* ni suti nyeusi ya jioni yenye tai ya kipepeo. *Genser* hutajwa kwa nguo yoyote ya juu inayovaliwa kwa kupitisha kichwani, ikiwemo ile yenye kofia, *hettegenser*, na jina lake limetokana na kisiwa cha Guernsey. Suruali ya jinzi ni *olabukse* au *dongeribukse*, na *dongeri* ni neno lililotoka India, lililotaja kitambaa kigumu cha pamba katika biashara ya Bahari ya Hindi. *Pysjamas* na *sjal* nayo yana asili ya Kiajemi, sawa na pajama na shali. Sketi ya Kiswahili ina safari ndefu zaidi: Kiswahili kiliichukua kutoka Kiingereza, na Kiingereza kiliipata kwa Waskandinavia wa kale, ambao *skyrta* yao ilikuwa shati. Neno hilo hilo la kale ndilo *skjorte* ya leo, ambayo bado ni shati. Basi *skjorte* na *skjørt* zisichanganywe: ya kwanza ina vifungo kifuani, ya pili hufungwa kiunoni.

Yapo pia mavazi yenye historia inayojulikana kwa mwaka na mahali. *Selbuvotter* ni glovu za rangi nyeusi na nyeupe zenye ua la petali nane, na asili yake husimuliwa kuwa ni Selbu, katika jimbo la Trøndelag. Huko mwaka 1857 msichana Marit Guldsetbrenna na dada zake walikwenda kanisani wakiwa wamevaa glovu alizofuma yeye kwa ruwaza hiyo, na wasichana wa kijiji wakaiga. *Kofte* ni sweta nene yenye vifungo. Ile ya bonde la Setesdal huitwa *lusekofte*, na *lus* ni chawa, kwa sababu ya vidoti vyeupe vilivyotawanyika juu ya weusi wake. *Mariusgenser*, ambayo ruwaza yake ilitolewa mwaka 1953 na Unn Søiland, ilipewa jina la Marius Eriksen, mtelezaji wa theluji aliyepigwa picha akiwa ameivaa. Kwa Wasami wa kaskazini *kofte* ni kitu kingine: ndilo jina la Kinorwe la vazi lao la heshima, ambalo wao huliita *gákti*, na ambalo rangi na mapambo yake hueleza mvaaji ni wa eneo gani. Kuliita sweta mbele yao ni utovu wa adabu.

Vazi la taifa ni *bunad*. Lilienezwa mwanzoni mwa karne ya 20, Norwe ikiwa mbioni kujitoa katika muungano na Uswidi uliovunjika mwaka 1905, na mtetezi wake mkubwa alikuwa mwandishi Hulda Garborg, aliyetoa kitabu *Norsk klædebunad* mwaka 1903. Kila wilaya ina lake, lenye sketi au suruali ya sufu, nakshi za uzi na vipini vya fedha vinavyoitwa *sølje*. Bei yake hufika makumi ya maelfu ya kroner, na vijana wengi hupewa wanapopata kipaimara. Huvaliwa harusini, kwenye ubatizo na hasa tarehe 17 Mei, siku ya katiba ya mwaka 1814, na kwenye karamu rasmi hukubalika badala ya suti au gauni la kifahari. UNESCO iliingiza ufundi na desturi zake katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2024. Kisarufi ni jina jepesi, *en bunad, bunaden, bunader, bunadene*, ila likitajwa kama aina ya vazi neno dogo huachwa: *Hun har på seg bunad*. Anayetaka kumsifu mvaaji husema *Så fin bunad!*, na swali linalofuata kwa kawaida ni *Hvor er den fra?*, yaani limetoka wapi? Hapo anayeulizwa hataji duka. Hutaja wilaya ya vazi hilo, Hardanger au Setesdal au nyingine, na mara nyingi huendelea kueleza ni bibi au babu yupi aliyezaliwa huko.